Ya Zamani au ya Marudio? Ampli Kali za Gitaa kwa Majukwaa ya Butembo na Beni

Sokoni Butembo neno "orijini" lina kazi nyingi. Kwa muuza simu ni kinyume cha bandia, yaani kitu kilichotoka kwa mwenye jina lake. Kwa mpiga gitaa aliyesimama mbele ya ampli nzito, neno hilohilo linazua swali jingine: hii ni ile iliyotoka kiwandani miaka ya 1980, au ni ile ambayo kampuni imeitoa tena baadaye, sura ileile, jina lilelile, matumbo mapya? Muuzaji atajibu "orijini" kwa zote mbili, wala hatakuwa amedanganya. Kwa hiyo mnunuzi aje na maswali yake mwenyewe, na la kwanza lisihusu sauti hata kidogo. Lihusu kibati kilichobandikwa mgongoni mwa ampli.

Kibati hicho kina maneno machache: volti, mizunguko ya umeme, na wati ambazo chombo kinakula. Kongo inatumia volti 220 na mizunguko 50 kwa sekunde. Marekani ni volti 120 na mizunguko 60. Japani ni volti 100. Na mzigo wa Butembo hupita njia ndefu: kontena linashushwa Mombasa, linapanda hadi Kampala, linafika Mpondwe, linavuka daraja na kukaguliwa na watu wa forodha, DGDA, upande wa Kasindi, kisha lori linashika barabara ya Beni. Ndani yake mna vitu vipya vya Guangzhou na Dubai, na mna mitumba ya Ulaya, Marekani na Japani, vyote vimesongamana na friji na viti vya plastiki. Ampli mpya iliyoagizwa kwa soko la huku itasoma 220 au 230, na mambo yamekwisha. Ile ya zamani ni bahati nasibu.

Ampli ya Kijapani ya volti 100 ikichomekwa moja kwa moja kwenye 220, mwenye bahati atakata fyuzi na asiye na bahati atanusa transfoma ikiungua. Lakini anayeumia polepole ni mnunuzi aliye mwangalifu nusu. Ananunua transfoma ya kupunguzia umeme, ile iliyoandikwa 110, na kudhani amemaliza. Ndani ya ampli ya lampu kuna uzi unaozipasha lampu moto kwa volti 6.3. Ampli ya volti 100 ikipewa 110, uzi ule unapata karibu 6.9. Ikipewa 120, unapata zaidi ya 7.5. Itapiga, tena siku ya kwanza itapiga vizuri kweli. Kinachotokea ni kwamba lampu zinazeeka haraka, na volti za juu za ndani, ambazo tayari ni mia nne na ushei, nazo zinapanda kwa kiasi hichohicho. Dawa ni transfoma yenye tundu la 100 kamili, si ya "karibu na hapo".

Ya Kimarekani ina kasoro yake. Transfoma iliyopigiwa hesabu ya mizunguko 60, ikipewa 50, chuma chake hujaa sumaku mapema na kupata joto zaidi hata kama volti ni sahihi. Nyingi huvumilia; nyingine hazivumilii usiku mzima wa harusi. Hapo Marshall ya zamani ya Kiingereza ina nafuu juu ya Wamarekani wa rika lake: nyingi zina kichaguzi cha volti mgongoni, na zilitengenezwa kwa mizunguko 50 tangu mwanzo. Toleo la marudio halina habari hizi zote. Limeletwa kwa umeme wa hapa, basi.

Halafu umeme wenyewe. Miji hii miwili ilikaa miongo mingi bila gridi ya taifa, na hata baada ya mitambo ya umeme wa maji ya Virunga kuanza na ule wa Mutwanga, chini ya Rwenzori, mwaka 2013, jukwaa la wastani bado linategemea jenereta, sola au mchanganyiko wa vyote. Jenereta ndogo ikibebeshwa sono, taa na ampli kwa pamoja, volti hushuka kila ngoma kubwa inapopigwa. Kwenye volti 180 ule uzi wa 6.3 unabaki na kama 5, na mpiga gitaa anaanza kulaumu mikono yake. Inveta za sola za bei ya chini nazo hutoa wimbi lenye pembe badala ya wimbi la mviringo. Ampli huitika kwa mlio wa nyuki na transfoma inachemka. Stabilaiza nzuri kwa ajili ya ampli peke yake, mbali na sono, ni matumizi ya fedha yenye akili kuliko tofauti ya bei kati ya toleo la zamani na jipya.

Na waya wa ardhini usikatwe. Mafundi wengine huukata ili kuondoa mvumo, na mvumo unaondoka kweli. Siku ampli itakapovuja umeme, njia ya kwenda ardhini itakuwa ni nyuzi za gitaa, mkono wa mpigaji, na midomo yake iliyogusa maikrofoni.

Baada ya umeme ndipo sauti. Gitaa la Kikongo lilikulia kwenye usafi. Mwaka 1953 Bill Alexandre, Mbelgiji mpiga jazi, alileta gitaa la umeme katika studio ya CEFA mjini Léopoldville, na kizazi cha Franco na Docteur Nico kikajenga juu yake uchezaji ambao kila noti inasikika peke yake. Sebene hadi leo linadai hivyo: solo, mi-solo na la kuambatana zisukane kama mkeka, na kila ukili uonekane. Ampli kali inakwenda kinyume. Inakuza ishara ya gitaa hatua baada ya hatua hadi vilele vya wimbi vinakatwa, na sauti inakwaruza, inanguruma, inaning'inia hewani bila kufa. Kwa mhandisi wa redio hilo ni kosa. Watu wa roki walilipenda kosa hilo wakaliundia mashine.

Wala Kongo si mgeni wa kosa hilo. Konono N°1, kundi la Mawangu Mingiedi mjini Kinshasa, lilikuza sauti ya likembe kwa vifaa vya kujitengenezea, pamoja na sumaku za vipuri vya magari makuukuu, ili likembe lisimezwe na kelele za mtaa. Mkwaruzo uliotokana na vifaa hivyo ndio uliowafanya wasikilizaji wa Ulaya na Marekani washtuke katikati ya miaka ya 2000, albamu yao ya Congotronics ilipotoka. Karibu zaidi na nyumbani, kumekuwa na majukwaa makubwa kama Amani, tamasha lililoanza Goma mwaka 2014. Nairobi ina bendi zake za metali. Na makanisani Butembo na Beni kuna kijana mmoja katika kila kikundi cha kusifu ambaye, mstari wa pili wa pambio ukiisha, anataka solo yake ilie. Huyo ndiye anayeandikiwa.

Atakutana na majina machache yaleyale. La kwanza ni Marshall. Jim Marshall, mwenye duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa London, alianza kutengeneza ampli mwaka 1962. Kichwa, yaani ampli isiyo na spika ndani yake, cha wati 100 chenye namba 2203 kilitoka mwaka 1975, na mwaka 1981 kikavalishwa uso mpya na jina la JCM800: herufi za James Charles Marshall, na namba ambayo inasimuliwa kwamba ilitoka kwenye kibao cha gari lake. Toleo la marudio lilianza mwaka 2002. Ndani ni mchoro uleule: lampu tatu ndogo za ECC83 mbele, nne kubwa za EL34 nyuma. Jipya lililoongezwa ni njia ya kuchomekea vyombo vya mwangwi katikati ya ampli, ambayo la zamani halikuwa nayo.

Hapa kuna uzushi unaopaswa kusemwa waziwazi. Wauzaji hupenda kusema kwamba JCM800 ya zamani ilifumwa kwa mkono, waya kwa waya, na ya marudio ina bodi ya kuchapwa. Si kweli. Marshall walishahamia bodi za kuchapwa katikati ya miaka ya 1970, kabla JCM800 haijazaliwa. Anayelipia zaidi kwa sababu ya "kufumwa kwa mkono" analipia hadithi ya ampli nyingine.

Jina la pili linafundisha zaidi. Mwaka 1992 Peavey, kampuni ya Meridian katika jimbo la Mississippi, ilitoa pamoja na mpiga gitaa Eddie Van Halen kichwa cha wati 120 kilichoitwa 5150. Kina lampu ndogo tano na kubwa nne za 6L6, na geini yake ni ya kutisha. Za mwanzo zilikuwa na namba 5150 kwa herufi kubwa za mraba usoni. Baadaye zikaandikwa kwa mfano wa saini. Eddie alipoachana na Peavey mwaka 2004 aliondoka na jina, na kampuni ikaendelea kuunda chombo kilekile kwa jina la 6505, yaani 1965 hadi 2005, miaka 40 ya Peavey. Mchoro haukubadilika. Hata hivyo sokoni, ile ya herufi za mraba inauzwa ghali kuliko ya saini, na ya saini ghali kuliko 6505. Ngazi tatu za bei kwa ampli moja! Mpiga gitaa wa Beni akiletewa 6505 iliyotumika, yenye kibati cha volti 230, na 5150 ya herufi za mraba ya volti 120 kwa bei mara mbili, hana sababu ya kukosa usingizi.

Mengine ni ya kuyajua zaidi kuliko kuyanunua. Mesa/Boogie Mark IIC+ iliundwa kwa muda mfupi tu, kuanzia mwaka 1983 hadi 1985. Metallica waliitumia kurekodi Master of Puppets, albamu ya mwaka 1986, na bei yake ikaota mabawa. Mwaka 2024 kampuni yenyewe iliitoa tena. Soldano SLO-100 ya mwaka 1987 nayo imerudi chini ya wamiliki wapya. Katika vyombo kama hivi toleo la marudio ni ukombozi, kwa kuwa la zamani limekwisha kuwa mali ya wakusanyaji, na mali ya mkusanyaji haipandi pikipiki kwenda Kasindi.

Je, masikio yanasikia tofauti? Chumbani, ampli mbili zikiwa ubavuni, ndiyo. Rezista za zamani zimehama kutoka thamani zake, kapasita zimelegea, na spika zenye miaka 40 karatasi yake imelainika. Vyote hivyo hulainisha makali ya juu. Lakini sehemu kubwa ya kile kinachoitwa "sauti ya zamani" ni spika, si kichwa. Mtu akitoa kichwa cha marudio na kukichomeka kwenye bafle, yaani sanduku la spika, la zamani, nusu ya ubishi inakwisha hapohapo. Na ampli mbili za zamani za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana zenyewe kwa zenyewe kuliko moja yao inavyotofautiana na ya marudio, kwa sababu kila moja imepita kwa mafundi wake.

Jukwaani mambo yanapungua zaidi. Maikrofoni, mara nyingi ile ya SM57 au nakala yake ya Kichina, inawekwa kidole kimoja mbele ya spika. Sauti inapita kwenye meza ya sono, inachanganywa na ngoma, besi, kinanda na waimbaji kumi na wawili, inatokea kwenye maspika ya sono na kugonga paa la bati. Msikilizaji aliyekaa safu ya tano hatajua mwaka wa kuzaliwa wa ampli ile. Atajua kama gitaa linasikika au linapiga kelele.

Linalosikika hasa ni kama ampli inaweza kukwaruza kwa sauti ya chini. Hili ndilo swali la sauti lenye uzito kwa kumbi za huku, na halina uhusiano na umri. JCM800 hutoa sehemu ya ukali wake pale lampu kubwa za nyuma zinaposukumwa, maana yake sauti iwe juu, na wati 100 za lampu ndani ya kanisa la matofali ni mkong'oto. Mzee wa kanisa atanyanyua mkono kabla ya kiitikio. 5150, 6505 na SLO hukwaruza mbele, kwenye lampu ndogo, hivyo ukali unabaki hata kitufe cha mwisho kikiwa kwenye moja na nusu. Ndiyo maana anayependa harufu ya Marshall kwa ukumbi wa watu mia mbili atazame SC20H, ndugu mdogo wa JCM800 aliyetoka mwaka 2019, mwenye wati 20 zinazoweza kushushwa hadi 5. Peavey nao wana 6505 ndogo ya wati 20. Kwa viwanja vya wazi, sono ndiyo inayobeba kazi. Ampli inabaki kuwa ya kumsikilizisha mpigaji mwenyewe.

Upande wa matengenezo ndipo mtu anapoweza kupata hasara bila kujua ameipatia wapi. Lampu ni kama balbu: zinachoka. Dunia nzima inategemea viwanda vichache, hasa JJ wa Slovakia, kiwanda cha Saratov nchini Urusi, na vya China. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza na Urusi ikazuia bidhaa kadhaa kusafirishwa nje ya nchi, lampu ziliadimika na bei zikapaa. Anayeishi Butembo asingoje lampu ife ndipo aagize. Anunue seti ya akiba siku ileile anayonunua ampli, na EL34 asizichanganye na 6L6 kwa sababu tu zinaingia kwenye tundu moja. Kuingia si kufaa.

Kisha kuna bayasi, ile volti inayoamua lampu kubwa zifanye kazi kwa moto kiasi gani. Marshall hutaka bayasi irekebishwe kila lampu kubwa zinapobadilishwa, na kazi hiyo inafanywa ampli ikiwa imefunguliwa na umeme ukiwa ndani, volti mia nne na zaidi, huku kapasita zikishikilia moto hata baada ya plagi kutolewa. Fundi wa redio mwenye mita na subira anaiweza; mpiga gitaa aliyetazama video mbili asijaribu. Peavey 5150 na 6505 hazina kitufe cha bayasi: kiwanda kiliiweka upande wa baridi na kuifunga hapo. Walalamikaji wa Marekani huiita kasoro na kusema sauti inakauka. Kwa mji ambao fundi wa lampu ni mmoja na ana foleni, kasoro hiyo ni zawadi. Lampu za aina sahihi zinachomekwa, ampli inawashwa, kazi inaendelea. Mesa/Boogie nao wana utaratibu kama huo.

Ya zamani ina jambo moja zaidi. Kapasita kubwa za kusafisha umeme hukauka taratibu, zitumike zisitumike. Ampli ya mwaka 1983 yenye kapasita zake za kuzaliwa haijakamilika kama chombo cha jukwaani. Ni gari lenye matairi ya miaka 40. Anayeinunua ahesabu bei ya kapasita mpya na ya fundi ndani ya bei ya ampli, na akishazibadilisha ajue kwamba ameshaanza kuifanya kuwa ya marudio kwa mikono yake. Beni, iliyo chini zaidi ya Butembo na yenye joto na unyevu wa msituni, inaharakisha uzee huo: matundu ya lampu yanaota kutu, vitufe vinakwaruza, na ngozi ya bafle inashika ukungu ikiachwa sakafuni wakati wa mvua.

Kwenye kaunta, basi, anayetaka ya zamani afanye hivi, bila haraka na bila aibu. Asome kibati. Aangalie kama fyuzi ni ya kipimo kilichoandikwa au imezungushiwa karatasi ya sigara, kwa sababu fyuzi ya karatasi ni ushahidi kwamba kuna kitu kilikuwa kinaikata. Anuse matundu ya hewa mgongoni. Transfoma iliyowahi kuungua huacha harufu ambayo manukato ya duka hayaifichi. Ahakikishe bafle limechomekwa kabla ya kuwasha, na namba ya omu kwenye kichwa, 4, 8 au 16, inalingana na ya bafle, kwa waya wa spika na si waya wa gitaa. Ampli ya lampu ikipigwa bila bafle, transfoma ya kutolea sauti inaweza kufa ndani ya wimbo mmoja, na hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Awashe, angoje dakika moja lampu zikolee rangi ya chungwa, kisha afungulie umeme wa juu. Lampu kubwa ikianza kuwaka nyekundu kwenye bati lake la ndani, azime papo hapo.

Ikitulia, asikilize kwanza bila gitaa. Mvumo wa chini, mzito, unaoongezeka kadiri sauti inavyopandishwa au hata sauti ikiwa sifuri, mara nyingi ni kapasita. Agonge kila lampu ndogo kwa ncha ya penseli: ikilia kama kengele, imechoka. Azungushe vitufe vyote hadi mwisho na kurudi. Kisha apige kwa nusu saa nzima, si dakika tatu, maana ampli mgonjwa huwa mzima hadi apate joto. Muuzaji anayekataa nusu saa amekwisha kujibu swali.

Kwa yote haya, uamuzi wa mwandishi wa makala hii hauna mzunguko: kwa kupiga jukwaani Butembo na Beni, ya marudio, au iliyotumika ya miaka 10 hadi 15 yenye kibati sahihi, inaishinda ya zamani. Ya zamani imfae mwenye studio, mwenye fundi wa karibu, au mwenye mapenzi yasiyosikia ushauri. Wapo, na muziki unawahitaji. Na kuna njia ya tatu ambayo wapenzi wa lampu huikunjia uso. Roland JC-120 ilitoka mwaka 1975 na haijawahi kuachwa kuundwa, kwa hiyo hakuna la kubishania kuhusu marudio. Ni ya transista, haina lampu ya kuvunjika wala bayasi, ina spika mbili za inchi 12, na usafi wake unalipa sebene haki yake yote. Ukali wake wenyewe hauna ladha, lakini pedali ya DS-1, ambayo Boss wameiunda tangu mwaka 1978, inakaa miguuni na kula betri ya volti 9. Kikundi kinachopiga sebene saa nzima na kuhitaji mkwaruzo dakika nne kinapata vyote viwili, na siku jenereta ikizima katikati ya solo hakuna lampu iliyopata mshtuko. Tahadhari ni ileile ya mwanzo: JC-120 nyingi za mitumba zimetoka Japani, na mgongoni zimeandikwa 100.

Kinachobaki ni barabara. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita hamsini na kitu, na hali ya usalama imewafanya waandaaji wengi wapendelee alasiri ili vyombo viwe vimerudi kabla ya giza. JC-120 ina kilo 28. Kichwa cha lampu kina karibu kilo 20, na bafle la spika nne ni mzigo wa watu wawili. Mjini Butembo, chukudu huliteremsha bondeni vizuri kuliko pikipiki. Kichwa kikisafiri, lampu kubwa zichomolewe zikiwa baridi, kila moja iandikwe namba ya tundu lake kwa kalamu kwenye sehemu ya chini, zifungwe moja moja ndani ya kipande cha kitenge na kuwekwa kwenye kikapu kinachobebwa mapajani, si nyuma ya gari. Kichwa chenyewe kilazwe juu ya godoro, transfoma zikiwa upande wa chini. Kikifika kikiwa kimelowa ukungu wa asubuhi ya Butembo, kiachwe wazi kwenye joto la Beni kwa saa moja hadi chuma kikauke kabisa. Ndipo lampu zirudishwe kwa namba zake, bafle lichomekwe kwanza, na mtu wa jenereta aulizwe, kabla ya kuwasha chochote, mita yake inasoma ngapi.